Ardhi ya Babu Lonnie na Sura ya Saba

Jumanne, Septemba 4

Shule zimefunguliwa, nami nimerudi kwenye masufuria yangu. Watoto wa mwaka huu hawali maharage, kama wa mwaka jana. Nimefika nyumbani nimemkuta mume wangu Lem amelala sakafuni sebuleni, maana mgongo wake hautaki tena kochi wala kitanda. Gari la mikate alilokuwa akiendesha limepewa mtu mwingine.

Kwa hiyo mshahara ni mmoja, wa mpishi wa shule, na kabla haujafika mkononi mwangu mahakama imeshakata sehemu yake. Huu ni mwaka wa tatu wa Kumi na Tatu, ile sura ya sheria ya kufilisika. Huku kwetu Georgia kusini mtu hahitaji kueleza zaidi. Kanisani wanawake wanaulizana, "Wewe uko Saba au Kumi na Tatu?" kama wanaoulizana namba ya kiatu. Kumi na Tatu ni ya wenye nyumba: unafilisika huku unalipa, kidogo kidogo kwa miaka mitano, na hakuna anayegusa kitu chako. Mwezi huu hatutaweza kulipa. Naogopa, na sijamwambia Lem kiasi gani.

Ijumaa, Septemba 7

Kwa wakili Pruitt. Ofisi yake ina harufu ya kahawa iliyoungua, na yeye mwenyewe ana sauti ya mtu anayemsomea mgonjwa.

"Bi. Gaskins, habari si mbaya hivyo," akasema. "Yale malimbikizo ya mkopo wa nyumba mmeshayamaliza. Kilichobaki ni hospitali na zile kadi za mkopo. Ukishindwa kulipa, kesi inafutwa na wadai wote wanarudi mlangoni siku hiyohiyo. Ila tunaweza kuhama. Tunatoka Sura ya Kumi na Tatu tunaingia Sura ya Saba."

"Saba inachukua nyumba," nikasema. Mama Pettway wa kanisani alipoteza yake.

"Alikuwa ameilipia karibu yote. Yenu deni lake ni karibu sawa na bei yake, nani ataitamani? Mtaendelea kulipa benki kama kawaida. Hayo mengine yanafutwa." Akanyoosha kidole. "Lakini nisikilize vizuri. Kwenye Kumi na Tatu unalipa, hakuna anayeuza kitu chako. Kwenye Saba hulipi, ila kila ulicho nacho kinawekwa mezani, na kinachouzika kinauzwa. Kuna msimamizi, kazi yake ni hiyo. Kwa hiyo nakuuliza upya: una kitu gani kingine? Shamba, kiwanja, hata kipande, hata cha kuchangia na wengine?"

"Nina nyumba, nina gari la Buick la kale, na nina mume mbovu wa mgongo," nikamwambia. "Huyo msimamizi akimtaka, amchukue."

Alicheka. Nikatia sahihi. Nimerudi nyumbani nikiimba, jambo ambalo sijafanya tangu Pasaka.

Jumanne, Septemba 18

Imekubaliwa. Sisi ni Saba. Msimamizi ni mwanamke, Bi. Ashworth, na tutakutana naye mjini Albany mwezi ujao kwa maswali. Nimepika kuku mzima kusherehekea.

Jumapili, Septemba 23

Mvua. Baada ya ibada niliona gari jeupe la mizigo limesimama kando ya barabara, kule inakoanza miti ya kwetu ya kokwa za pekani. Dereva alikuwa ndani, kofia usoni, injini inanguruma. Nikampungia mkono kama ilivyo desturi. Hakupunga.

Jumapili, Septemba 30

Mvua tena. Shangazi Zenobia anasema maganda ya pekani yataoza kabla ya kufunguka.

Jumamosi, Oktoba 6

Sijui nianzie wapi, basi nianzie asubuhi.

Tulikwenda kwa Babu kuokota. Tunasema "kwa Babu" ingawa Babu Lonnie Tarver alikufa kabla sijaolewa na amelala palepale, nyuma ya safu ya mwisho ya miti. Ekari thelathini na moja. Alizinunua wakati ambapo mtu mweusi kununua ardhi hapa ilikuwa ni kuchokoza nyuki, na hakuandika wosia kwa sababu hakuwaamini wanaoandika. Shangazi Zenobia, dada wa marehemu baba, anakaa kwenye ile nyumba ya mbao pamoja na mwanawe Cortez. Baba Mdogo Hosea alihamia Detroit zamani akafia huko, na watoto wake hatuwaoni ila kwenye misiba. Mimi kwa baba yangu niko peke yangu.

Cortez alikuwa kwenye trekta anatikisa miti. Nimeandika humu mara nyingi kwamba Cortez ni mvivu hata kulala kunamchosha, na leo pia alikuwa anapumzika kila mti wa pili. Wakati mmoja wa mapumziko hayo akanifuata.

"Binamu, usisahau mchango wa kodi ya ardhi. Wameongeza, hawa wezi."

"Nipe hadi Desemba," nikasema. Natoa mchango huo kila mwaka, kama ninavyochangia paa la kanisa.

"Sawa. Wale wa Detroit ndio hawajibu simu. Lakini theluthi yako si kubwa."

"Theluthi yangu ya kodi."

"Ya kodi, ya miti, ya kila kitu. Watu wa kaunti wameandika warithi wa Lonnie Tarver. Mama moja, wewe moja, Detroit moja. Kwani ulidhani Babu ndiye anayelipa kutoka kule chini?"

Alicheka kwa ule mzaha wake akarudi kwenye trekta. Mimi nilibaki nimeinama na pekani mkononi. Nilimsikia wakili Pruitt kabisa, kana kwamba amesimama nyuma yangu: hata kipande, hata cha kuchangia na wengine.

Naapa sikujua. Muulize yeyote wa ukoo wetu ardhi ile ni ya nani, atasema ya Babu. Hakuna siku niliyoiita yangu. Ingekuwa kama kusema kaburi lake ni langu.

Gari jeupe lilikuwa pale tena jioni, karibu na uzio.

Jumapili, Oktoba 7

Mchungaji alihubiri kitu. Sikusikia hata neno.

Jumanne, Oktoba 9

Nimemweleza wakili Pruitt habari ya theluthi. Akavua miwani.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nimekuambia sasa."

"Bi. Gaskins, kwenye Kumi na Tatu hili lingekuwa tatizo dogo. Tungeongeza malipo kidogo, basi. Kwenye Saba, theluthi yako ni mali ya wanaokudai. Msimamizi ataiuza."

"Aiuze vipi? Miti gani ni yangu? Nyumba ya shangazi yangu iko katikati!"

"Ndiyo shida yenyewe. Hakuna mti ulio wako, una theluthi ya kila mti. Mgeni akinunua theluthi hiyo anakuwa mmiliki sawa na shangazi yako. Na mmiliki yeyote anaweza kwenda kwa hakimu akasema, hatuelewani, uzeni yote tugawane pesa."

Nikamwambia basi turudi Kumi na Tatu, leo hii, nitakula maharage ya shule miaka yote iliyobaki. Akatikisa kichwa. Anasema kuhama mara ya kwanza ni haki yako. Kurudi unaomba, na hakimu atatazama mshahara kwanza. Mlango ule una kitasa upande mmoja tu.

Nimeruka majivu nimekanyaga moto. Nina hasira na Pruitt kwa kunielezea vizuri namna hii baada ya kutia sahihi. Nina hasira zaidi na mimi mwenyewe, maana alinielezea kabla vilevile.

Jumatano, Oktoba 10

Nimemwambia Lem. Alinisikiliza akiwa chali sakafuni, macho kwenye dari.

"Karatasi ya ardhi ya Babu yako ina jina lako?" akauliza.

"Haina."

"Basi wakikuuliza sema hapana."

"Ni kiapo, Lem."

"Najua ni kiapo. Shangazi ana miaka themanini na moja. Na kiapo chako hakitampatia paa."

Nimeishi na mtu huyu miaka ishirini na sita. Akizidishiwa chenji dukani anarudi hata kwenye mvua. Leo amelala pale ananifundisha kudanganya, na kinachonitisha ni kwamba maneno yake yaliniingia vizuri. Wakili hawezi kusema bila ruhusa yangu, nadhani. Cortez hajui chochote. Ni neno moja tu. Nimelijaribu nikiosha vyombo: hapana, hapana, hapana. Linatoka bila shida.

Jumatatu, Oktoba 15

Pruitt amepiga simu. Anasema nikidanganya atajitoa, na wakigundua, hakuna deni litakalofutwa, na naweza kufungwa. Nikamuuliza wangegundua vipi. Akasema, "Kwa kusoma, Bi. Gaskins. Kuna watu kazi yao ni kusoma."

Jumanne, Oktoba 16

Albany. Chumba kina viti vya plastiki na bendera. Nilidhani ningekuta hakimu aliyevaa joho. Kumbe ni meza, kinasa sauti, na Bi. Ashworth, mwanamke mwembamba mwenye mafua. Watu tulikuwa wengi. Wanaitwa mmoja mmoja, wanaapa, wanaulizwa yaleyale, wanaondoka kabla kiti hakijapata joto. Nilifurahi. Nilijua kwa mwendo ule neno langu moja lingepita kama mengine.

Zamu yangu ilipofika nikainua mkono nikaapa. Jina. Anwani. Je, umeorodhesha mali yako yote? Nikageuka kumtafuta Lem, na nyuma ya Lem, kwenye kiti cha mwisho karibu na mlango, alikaa mtu aliyeweka kofia juu ya goti. Usoni sikumjua, ila kofia niliijua. Ile ya kwenye gari jeupe. Alikuwa ananitazama kwa adabu, kama mtu anayengoja kuhudumiwa.

"Bi. Gaskins?" Bi. Ashworth akapenga kamasi. "Umeorodhesha yote?"

"Kuna ardhi ya babu yangu," nikasema.

Pruitt akashusha pumzi. Kalamu ya Bi. Ashworth ikasimama, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akamtazama mtu usoni. Aliuliza iko wapi, ekari ngapi, nani anakaa pale. Nilijibu yote. Sauti yangu ilikuwa imara, na Lem alikuwa anatazama viatu vyake.

Nilipotoka yule mtu hakuwepo tena.

Naandika hili kwa sababu sina wa kumwambia: sijui kama nilisema kweli kwa kumcha Mungu au kwa kumwogopa mwenye kofia. Nimejiuliza njia nzima ya kurudi.

Jumatano, Oktoba 17

Samaki wa kukaanga na koliflawa. Watoto wamekula samaki.

Alhamisi, Oktoba 25

Upepo tangu jana. Tufani imepita baharini mbali na sisi, lakini mkia wake umetufikia. Cortez alipiga simu nikiwa jikoni shuleni. Nikadhani ni miti.

"Miti minne imelala," akasema. "Lakini si hiyo. Kuna mzungu hapa na vigingi, anapima. Nimemuuliza nani kakutuma, anasema mahakama. Anasema kwa ajili ya sehemu ya Luvenia Gaskins. Binamu, nani Luvenia Gaskins mwingine unayemjua?"

Alikata simu bila matusi, na kwa Cortez hilo ni baya kuliko matusi.

Jumamosi, Oktoba 27

Nilikwenda peke yangu. Shangazi alikuwa barazani anamenya pekani, kidole gumba kimoja tu, ganda huku, kokwa huku. Hakunikaribisha kukaa. Nikaeleza nikiwa nimesimama kwenye ngazi, kuanzia Lem na mgongo hadi Bi. Ashworth na mafua.

"Kwa hiyo uliulizwa una nini," akasema, "ukasema Buick."

"Sikujua ni yangu, Shangazi."

"Hakujua!" Akacheka, cheko kavu. "Kila mwaka unajaza magunia unapakia kwenye hilo Buick lako, hujui ni yako. Wewe ulidhani tunakugawia sadaka?"

"Nilidhani ni ya Babu."

Hapo mkono wake ukasimama. "Ni ya Babu," akasema taratibu. Kisha, "Na ulipoulizwa tena, kwa kiapo?"

"Nilisema kweli."

"Ungedanganya ningekulaani. Umesema kweli, na bado sijui nikufanye nini." Akasukuma bakuli mbele kwa mguu. "Kaa umenye. Hazimenyeki zenyewe."

Nikakaa. Nilitaka kumwambia habari ya mwenye kofia, nikaona aibu. Aliponisifu kwa kweli ile, kama ilikuwa sifa, nilijiona mwizi.

Alhamisi, Novemba 8

Tumekwenda kuomba kurudi Kumi na Tatu. Hakimu ni mtu mpole. Alimuuliza Lem ana kipato gani sasa. Lem akasimama, akashika kiti cha mbele kwa mikono miwili kwa sababu ya mgongo, akasema, "Sina, Mheshimiwa." Hakimu akasema anasikitika, ila mpango wa kulipa unahitaji cha kulipia. Imekataliwa.

Dawa ya deni ni kulipa, wanasema wahenga. Nimeitaka dawa hiyo kwa magoti na nimenyimwa.

Jumanne, Novemba 13

Baridi. Gari jeupe sasa linaegeshwa ndani ya uzio.

Alhamisi, Novemba 22

Sikukuu ya Shukrani, kwa Shangazi. Niliogopa kwenda, Lem akasema tusipokwenda leo hatutakwenda tena. Bata mzinga, viazi vitamu, mboga za majani za kola. Cortez hakunipa sahani mkononi. Aliiweka mezani, nikaichukua.

Baada ya kula Shangazi akatangaza mambo. Bi. Ashworth anapokea bei ya theluthi yangu, yeyote anaweza kutaja, ndugu pia. Benki tatu zimekataa kutukopesha: ardhi isiyo na hati ya jina la mtu mmoja hawaitaki kama dhamana. Basi tuchange. Shangazi akatoa alicho nacho. Lem akatoa pesa ya vifaa vyake vyote vya useremala, ameviuza bila kuniambia. Lem yuleyule niliyemwona mshawishi wa uongo.

Cortez akatoka nje, akarudi na bahasha akaiweka juu ya meza. Dola elfu nne. Ndipo nikakumbuka kwamba tulipoingia sikuona trekta.

"Cortez," nikasema.

"Usiniambie kitu, binamu," akasema, akitazama dirisha. "Nikikusikia unaniambia asante nitatapika hii nyama yote."

Tumepata elfu tisa na mia nne.

Jumanne, Desemba 11

Bei zimefunguliwa. Kampuni ya paneli za jua imetaja elfu kumi na sita. Mwakilishi wao alivua kofia alipoingia: ni yuleyule wa gari jeupe.

Nilimwomba Bi. Ashworth, palepale ukumbini, mbele ya watu. Nilimwambia kuna kaburi, kuna mwanamke mzee. Hakuwa mkali. Alisema, "Mama, mimi nawafanyia kazi wale unaowadai. Siwezi kuchukua tisa nikiwa nimepewa kumi na sita." Nikatafuta ubaya usoni mwake nikaukosa. Ningeshukuru kuupata.

Kumbe kuna zaidi. Pruitt alinivuta pembeni. Kampuni ilinunua sehemu ya Detroit tangu mwezi wa nane. Ili wawe wengi mbele ya hakimu walikuwa wanangoja moja tu kati ya mbili zilizobaki, ya Shangazi au yangu, na ya Shangazi walijua hawataipata.

Ijumaa, Desemba 14

Barua ya mahakama imefika. Hospitali, kadi, vyote vimefutwa. Hakuna mtu duniani anayeruhusiwa kunidai, isipokuwa benki ya nyumba. Nimeisoma nimesimama kwenye sanduku la barua. Jirani aliniuliza kama kuna msiba, nikasema hapana, tumesamehewa.

Jumapili, Desemba 23

Shangazi alipiga simu baada ya ibada. Kanisani alikaa benchi la mbele kama kawaida na hakugeuka.

"Venia. Nyumba yako ina vyumba vingapi?"

"Vitatu, Shangazi."

"Cha nyuma analala nani?"

"Hakuna. Tumeweka makorokoro tu."

"Wale watu wa paneli wameshakwenda kwa hakimu. Wanataka iuzwe yote. Wao mbili, mimi moja, hesabu hiyo hata Cortez anaiweza." Akakohoa. "Wanasema nina miezi ya kujibu. Sitaki miezi. Sitangoja sherifu anishike kiwiko kunishusha kwenye ngazi za baba yangu. Cortez anakwenda Macon kutafuta kazi. Nimesali, nimewaza watu wote ninaowajua, na aliyebaki na nyumba ni wewe."

Nikaanza kulia. Nilijaribu kuziba simu kwa kiganja.

"Nyamaza. Sikukupigia ulie. Nauliza chumba. Dirisha lake linatazama wapi?"

Nikaenda na simu hadi chumba cha nyuma, nikasogeza masanduku, nikafuta kioo kwa mkono.

"Linatazama ukuta wa jirani, Shangazi."

Nilimsikia anahema.

"Basi weka pazia," akasema.